Mashine Iliyoshiba

Mpakani Busia nimeona mbuzi akivuka amefungwa nyuma ya baiskeli kama abiria aliyelipa nauli, godoro likivuka juu ya kichwa cha mtoto wa darasa la tatu, hata jeneza tupu likivuka kwa mkokoteni huku msukuma mkokoteni akitafuna muwa. Hakuna aliyegeuka kutazama. Siku niliyovuka na vakyumu ya shangazi, watu waligeuka.

Nilikuwa nimeipakata juu ya bodaboda, usafiri uliopata jina lake hapahapa, enzi za waendesha baiskeli waliobeba watu kati ya geti na geti wakiita "boda! boda!" Mpira wa mashine haukuwa na pa kukaa, nikauzungusha shingoni. Kijana mmoja wa kubadilisha pesa akauliza kama hiyo ni mashine ya hospitali. Mwenzake akasema hapana, ni ya kupulizia mahindi dawa. Tangu Februari 2018, marais wawili walipofungua kituo cha pamoja, nchi zote mbili hukuhudumia chini ya paa moja, kwa hiyo niliulizwa swali moja tu, na afisa mmoja tu.

"Inafanya kazi gani?"

"Inafyonza vumbi."

Akatazama nje: foleni ya malori, kwato za ng'ombe, wingu jekundu lililoning'inia juu ya yote. Kisha akanitazama mimi.

"Hili lote?"

Vitabu huiita kifyonza vumbi. Nyumbani tuliiita vakyumu, na kwa miaka miwili tulidhani tunaijua. Shangazi alitunza wazee huko Uingereza kwa miaka 11, na alipokaribia kurudi akatuma pipa: mablanketi, viatu vya watu watatu waliokwisha kuongezeka miguu, sabuni, na chini kabisa, imefungwa ndani ya koti la baridi, mashine nyekundu yenye magurudumu. Mama aliifuta akaiweka sebuleni karibu na televisheni, juu ya kitambaa cha kufuma. Iliwashwa Jumamosi, na si kila Jumamosi. Ubavuni iliandikwa wati 1,600, maana yake saa moja ya kazi hula uniti moja na nusu na zaidi, na Mama kila aliposikia mlio alikwenda kusimama mbele ya mita ya tokeni kama mtu anayemchunga mgonjwa.

Kabla ya hapo vumbi tulikuwa na namna yetu ya kuishi nalo. Nyumba ya bibi ilikuwa ya udongo, sakafu ikikandikwa kwa samadi ya ng'ombe, na asubuhi ulinyunyiza maji kwa vidole kabla ya kufagia, lisije vumbi likaamka. Ulifagia kutoka ndani kwenda nje. Usiku hukufagia, ungefukuza riziki. Tulipohamia nyumba ya simenti na zulia, zulia lilipochafuka lilipelekwa kwa vijana wanaoosha magari, likarudi baada ya siku mbili likinuka sabuni na uani kwa watu. Katika yote hayo vumbi lilikwenda mahali. Lilikwenda uani, barabarani, kwa jirani, na jirani naye alikuwa na ufagio. Ufagio hauondoi vumbi, unalihamisha, na katika mji ambao kila mtu anaishi kwa kuhamisha kitu kutoka upande huu kwenda ule, sikuwahi kuona kasoro yoyote katika hilo.

Vakyumu haihamishi. Inaweka. Hakuna aliyetuambia kwamba ina tumbo.

Babu angetuambia, kama angekuwa hai. Miaka ya 1960 alikuwa mfanyakazi wa nyumbani Nairobi, wakati ambao mwanamume wa makamo mwenye watoto sita bado aliitwa "boi", na vakyumu aliijua kuliko sisi sote. Hakuruhusiwa kuifungua mota. Kazi yake ilikuwa kuisukuma na kumwaga mfuko. Alisema alijua wageni wa jana walikuwa wangapi kwa majivu ya sigara, na kama memsahibu alilia, kwa karatasi laini zilizochanika. Jambo moja hakulijua, nami nimelijua juzi tu. Bwawa la Owen Falls kule Jinja lilifunguliwa mwaka 1954, na kufikia 1958 umeme wake ulikuwa ukipitia Tororo kwenda mpaka Nairobi. Kwa hiyo huenda umeme uliokuwa ukizungusha ile mashine mikononi mwake ulikuwa umesafiri kutoka upande wa kwao, ukapita juu ya vijiji vilivyokuwa vikiwasha koroboi, kwenda kusafisha zulia la mtu mwingine. Angecheka. Alikuwa mtu wa kucheka mambo kama hayo.

Mashine yetu iliuawa Tororo, na mwuaji ni mimi.

Dada yangu ameolewa huko. Kutoka Busia ya Uganda ni safari fupi ya taksi (wenzetu matatu huiita taksi, na teksi yetu huiita spesho), na kabla hujafika unauona mwamba wa Tororo umesimama peke yake kama kitu kilichosahauliwa na wajenzi. Simenti imekuwa ikitengenezwa huko tangu miaka ya 1950, na jina la mji limechapwa kwenye mifuko inayojenga pande zote mbili za mpaka. Dada na shemeji walikuwa wamemaliza kupiga plasta na kulainisha sakafu, wanataka kuhamia kabla ya Krismasi. Nyumba nzima ilikuwa na unga wa kijivu kwenye madirisha, kwenye milango, kwenye kope za watoto. Nikasema kwa sauti ya mtu mwenye shangazi Uingereza: nitawaletea mashine.

Ilifanya kazi siku ya kwanza hadi majirani wakaja kutazama. Siku ya pili ilianza kupiga kelele nyembamba, nikaona inajitahidi. Nikafungua kifuniko, nikakuta chujio la sponji limegeuka jiwe. Nikaliosha bombani. Ilikuwa msimu wa mvua, nguo hazikauki, na mimi nilikuwa na haraka, nikalirudisha likiwa na unyevu. Dakika kumi, harufu ya joto, kisha kimya. Shemeji aligonga gonga, akasema labda Yaka imeisha, ndivyo wanavyoiita tokeni kwao. Yaka haikuwa imeisha. Taa zilikuwa zinawaka.

Nilichokifanya nilikuja kukielewa baadaye. Chembe za simenti ni ndogo kuliko matundu ya mfuko uliotengenezwa kwa ajili ya nywele na makombo ya mkate. Hupita kwenye mfuko, huziba sponji, na zinazobaki hufika kwenye feni na mota. Ukiongeza maji umefanya kile ambacho fundi mwashi hufanya kila asubuhi. Tulikuwa tumejenga sakafu ya pili ndani ya mashine.

Fundi wangu ana kibanda Sofia, ile sehemu ya soko ya Busia upande wa Uganda, katikati ya mama anayepika roleksi, zile chapati zinazokunjiwa mayai, na kijana anayeuza kava za simu. Hutengeneza pasi, blenda, redio, na spika zile kubwa za baa ambazo hufa kwa uchovu. Nilimsalimu kwa Kiteso, "Yoga," akaniitikia kwa Kiswahili, kama afanyavyo kwa kila anayemwona ametoka ng'ambo. Vakyumu alikuwa ameziona nne maishani. Hakuiwasha. Aliinama akaweka pua kwenye tundu la kutolea hewa, akavuta pumzi polepole, kama mtu anayeonja mchuzi wa wenyewe.

"Waindi haijaungua," akasema, yaani nyaya zilizozungushwa ndani ya mota. "Ingeungua ungesikia harufu ya vanishi. Hii haijafa, nyabo. Imeshiba."

Nilimwambia mfuko nimekwisha kuumwaga. Akatikisa kichwa. Akauchukua mpira, akaunyanyua wima, akadondosha ndani sarafu ya shilingi 200 ya Uganda. Sarafu haikutoka upande wa pili. Akaingiza waya mrefu, akavuta: ikatoka soksi ya mtoto, ikifuatwa na pamba ya nywele, vijiti viwili vya kiberiti, sarafu yake, na shilingi kumi ya Kenya. Akaziweka sarafu zote mbili mfukoni mwake bila kubadilisha uso. Niliihesabu kuwa ada ya kumwona daktari.

Kisha akanifundisha, mikono yake ikiendelea na kazi. Vakyumu haina nguvu za ajabu. Ni feni tu, iliyofungwa kwenye mota inayozunguka zaidi ya mara 20,000 kwa dakika. Feni ikisukuma hewa itoke, ndani hubaki upungufu, na hewa ya nje ndiyo inayokimbilia kuujaza, ikiburuta vumbi njiani. Hewa hiyohiyo, ikishaacha vumbi kwenye mfuko na kwenye chujio, hupita juu ya mota na kuipooza. Ndiyo maana tumbo likijaa mambo mawili hutokea pamoja: hakuna kinachofyonzwa, na mota inachemka. Na sauti hupanda. Ile kelele nyembamba niliyodhani ni juhudi ilikuwa kinyume chake. Feni ikikosa hewa ya kusukuma hukosa kazi, mota hupata wepesi na kukimbia bure. Mashine hupiga kelele zaidi pale inapofanya kazi kidogo zaidi. Nimefanya kazi ofisini miaka 14, sikuhitaji maelezo ya ziada.

Tulibishana mahali pamoja. Karibu na mota kuna kifaa kidogo kinachokata umeme joto likizidi, na kikipoa hurudisha. Fundi alitaka kukiondoa, aunge waya moja kwa moja. "Hiki ndicho kinachokusumbua," akasema, na najua mafundi wengi wangefanya hivyo bila kuniuliza, na mashine ingezunguka vizuri mpaka siku ingewasha moto kwenye zulia. Nilikataa. Alinung'unika kuhusu watu waliosoma. Lakini baada ya kusafisha njia ya hewa yote akajaribu, na kile kifaa hakikukata tena hata mara moja. Hakikuwa mgonjwa. Kilikuwa shahidi pekee aliyesema kweli, nasi tulitaka kumfunga mdomo.

Kufungua mota kulichukua nusu siku. Skrubu mbili za nje zilikuwa za kawaida. Nne zilikuwa zimefichwa chini ya magurudumu, na vichwa vyake vina tundu la nyota ambamo bisibisi ya kawaida haiingii. Fundi alichukua bisibisi kuukuu, akaikalia na tupa robo saa, akaigeuza nyota. Nimesoma kwamba mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya haki ya kukarabati, na vakyumu imetajwa kwa jina miongoni mwa vyombo ambavyo mtengenezaji lazima akubali kuvitengeneza hata baada ya dhamana kwisha. Naipongeza. Pia nimemwona mtu aliyemaliza darasa la saba akijipa haki hiyo kwa tupa.

Ndani, feni ilikuwa na tabaka la kijivu lililoshikamana kwenye kila ukuta. Ilibidi kulikwangua kwa kijiti cha mwanzi, kwa kuwa chuma kingekwaruza, na feni ya kasi ile ikikosa uwiano hata kidogo hujitikisa mpaka ivunjike. Beringi moja ilisaga kama inatafuna mchanga, na ndivyo ilivyokuwa. Namba yake ilikuwa 608, saizi inayopatikana hata kwenye magurudumu ya viatu vya kuteleza, na fundi akaitoa nzima kwenye maiti ya drili iliyokuwa chini ya benchi. Kaboni, vile vipande viwili vyeusi vinavyopeleka umeme kwenye shaba inayozunguka, zilikuwa zimelika zimebaki fupi kama ncha ya penseli ya mtoto. Za mashine yetu haziuzwi Busia. Akanunua za grainda, kubwa kidogo, akazisugua kwenye msasa upande mmoja, kisha mwingine, akijaribisha, akipuliza, akijaribisha tena. Mwanafunzi wake alipendekeza ule mti mweusi wa ndani ya betri ya tochi. Alitazamwa hivi kwamba akaenda kununua chai.

Nikiwa nimekaa pale kwenye kreti ya soda nilikumbuka kisa cha mvumbuzi. Mwaka 1901 Mwingereza Hubert Cecil Booth alitazama maonyesho ya mashine ya kusafisha ambayo ilikuwa ikipuliza vumbi. Akauliza kwa nini isifyonze, akaambiwa haiwezekani. Alisimulia mwenyewe kwamba alikwenda mkahawani, akaweka mdomo kwenye mgongo wa kiti, akafyonza, akakaribia kupaliwa. Akasajili hataza yake Agosti mwaka huo, miezi minne kabla ya reli kufika ziwani Kisumu, wakati pwani hiyo ya ziwa na Busia yetu yote bado zilihesabiwa kuwa Uganda. Mwaka 1902, mwaka ambao sehemu yetu ilihamishiwa upande wa pili kwa karatasi, mashine za Booth zilisafisha mazulia ya Westminster Abbey kwa ajili ya kumtawaza Edward VII. Zilikuwa kubwa, zikikokotwa na farasi, zikiegeshwa barabarani na mipira kuingizwa madirishani. Hakuna mtu ambaye angeziweka sebuleni juu ya kitambaa cha kufuma.

Ile ya nyumbani ililetwa na mtu wa namna nyingine. James Murray Spangler alikuwa mfagizi wa jengo la duka huko Canton, Ohio, na alikuwa na pumu. Vumbi la ufagio wake mwenyewe lilikuwa likimwua. Akachukua mota ya feni, sanduku la sabuni, mpini wa ufagio na foronya ya mto, akaziunganisha. Hataza aliipata mwaka 1908 akaiuza kwa William Hoover, na jina lililobaki midomoni mwa Waingereza ni la mnunuzi. Mimi nimemwona Spangler. Wako wengi Gikomba ya Nairobi na Katwe ya Kampala, na mmoja alikuwa mbele yangu akisugua kaboni.

Foronya niliikumbuka kwa sababu ya mfuko. Mifuko ya karatasi ya mashine yetu lazima iagizwe, na hata hivyo tulikuwa tumeutumia mmoja huohuo miaka miwili, umechanika umeshonwa kwa uzi mweusi. Fundi akanituma kwa fundi cherehani wa tatu kutoka pale. Nilimweleza ninachotaka: kitambaa cha pamba kilichosukwa kwa kubana, tabaka mbili, mdomo wenye mpira wa kukaza, na upande mmoja uwe na zipu ili kiweze kumwagwa na kufuliwa. Alinitazama muda, akavuta foronya mbili nyeupe kutoka rundo la mitumba. Nilicheka peke yangu, ikabidi nimweleze, na katikati ya maelezo nikaona si kisa cha kuchekesha mtu aliye na cherehani na foleni ya sare za shule.

Umoja huohuo wa Ulaya uliwahi kuagiza kwamba mota ya vakyumu idumu angalau saa 500, na mpira wake uendelee kufaa baada ya kukunjwa mara 40,000. Nilipiga hesabu kwenye kreti. Nusu saa kila Jumamosi, saa 500 ni Jumamosi 1,000, zaidi ya miaka 19. Yetu haikufika Jumamosi 100. Haikuchoka kwa kazi. Ilikosa mtu wa kuimwaga, na wa kukata nywele zilizojizungusha kwenye brashi, na wa kuliacha chujio likauke kivulini siku nzima, hata mbili wakati wa mvua. Kazi hizo zote ni ndogo kuliko kufagia, na ndiyo maana tulizidharau.

Fundi alitaka shilingi 40,000 za Uganda, ambazo siku hiyo zilikaribia 1,400 za kwetu. Sikupunguza bei. Akafunga skrubu zote, akabakiwa na moja, akaitazama, akaitia kwenye kopo lenye skrubu nyingine za wagonjwa wengine. Akachomeka. Mashine ilianza kwa mlio mzito, wa chini, ule niliousikia mara ya mwisho siku pipa lilipofunguliwa. Niliweka kiganja kwenye mdomo wa mpira, ukanivuta ngozi.

Niliomba tujaribu kwenye mkeka wake. Fundi alikuwa na wazo lake. Mafundi wa mji huu husafisha kwa kupuliza, awe wa kompyuta mwenye bulowa au wa gari mwenye kompresa, na alikuwa ameona kwamba mpira unaingia vilevile kwenye tundu la kutolea hewa. Akauchomoa mbele, akauchomeka nyuma, akaelekeza juu ya benchi lake ambalo sidhani lilikuwa limefutwa tangu uhuru. Vumbi la solda, simenti ya dada yangu, unga wa kaboni na vipande vya nyaya vikainuka kwa pamoja, vikavuka mtaro, vikatua kwa jirani.

Mama wa roleksi alifunika trei ya mayai kwa leso yake, akasubiri wingu litulie, akafuta uso.

"Banange," akasema, "huyo mgonjwa wenu amepona?"